Chumvi na Siki

Lifti hushuka dakika moja na nusu gizani,
chini ya ngano ya Kansas, chini ya barabara na makaburi ya Walutheri,
hadi hewa inapokauka kama hotuba ya meneja.
Hapa ndipo kazini kwangu.
Kuta chumvi, dari chumvi, nikilamba mdomo, chumvi.
Marehemu Luella alikuwa akinibusu kila Ijumaa
akisema, Orval, leo mchuzi hauhitaji kitu.

Husemwa mtu mzima amekula chumvi nyingi.
Basi njoo uone mikebe yangu:
wachunga ng'ombe waliokufa na kofia zao kichwani,
wapenzi waliobusiana sekunde tatu, wakaguzi wakihesabu,
mchekeshaji aliyeteleza ngazini mwaka wa hamsini na moja
na hajafika chini,
kwa kuwa hakuna aliyemwashia taa.

Barua huenda kwanza California.
Studio ikichoka kuzisoma, hunitumia mimi.
Itatoka lini kwa diski? Hata kaseti, tutashukuru.
Hata yenye mikwaruzo. Hata bila sauti.
Kule Duluth, Einar na Halvor Tveit, tumbo moja,
hawajasemezana miaka tisa: yule farasi wa mwisho
katika Mjane wa Tulare alikuwa kahawia au mweusi?
Filamu yenyewe haina rangi. Sikuwaambia.

Studio hujibu kwa karatasi moja, sahihi ya muhuri:
soko ni dogo,
na wimbo wa dakika mbili pale katikati
una warithi kumi na wanne, wasioamkiana.

Maxine Dulaney wa Toledo haulizi habari za farasi.
Ana miaka themanini na moja, mwandiko wake umeanza kuinama.
Mama yake alipita katika filamu hiyo na sinia,
sekunde kumi na moja, hotelini, nyuma ya mjane.
Picha za nyumbani zilikwenda na mafuriko.
"Sidai nakala safi," ameandika. "Namdai mama."

Jumatatu nikafungua mkebe.
Siki.
Harufu ya siki ikanipanda hadi machoni,
maana filamu ikianza kuoza hujigeuza achari.
Chumvi tunayo, siki ndiyo hiyo, imebaki ndimu:
nilicheka peke yangu, mgodi ukanirudishia.
Nikaweka karatasi ya kupimia. Ikibaki buluu, mzima.
Ikiwa njano, andaa mazishi.
Ikatoka kijani.

Sina ruhusa ya kupandisha mkanda juu hata hatua moja.
Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuinua mkono.
Nikauinua mbele ya balbu.
Picha mia mbili sitini na nne, kila moja kama stempu,
nikazipitisha taratibu, glavu zikinoga jasho.
Msichana. Sinia. Glasi sita.
Kwenye picha ya tisini anakosea: anatutazama.
Mwongozaji hakuona, au aliona akamhurumia.

Nikamwandikia Maxine yote, kurasa nne,
nywele, aproni, glasi moja iliyoyumba,
na tabasamu lililoanza lisimalizike
kwa sababu mlango ulifungwa.

Jibu limefika leo.
"Bwana Stutzman, ahsante kwa wema wako.
Huyo ni Dot Kessling. Kila siku alimtangulia mama
mbele ya kamera, na mama hakumsamehe mpaka anaingia kaburini.
Mama ni yule anayefuata, mwenye kishimo shavu la kushoto.
Tazama tena. Tafadhali, fanya haraka."

Nimevaa glavu. Lifti inashuka.